Boti ya petroli kabla ya baridi: tangi lijae au likauke?

Nahodha_BrooklynPark
Wakuu, habari za jioni. Nimenunua boti ya futi 19 hapa Minnesota, injini ya nje ya EFI (inapuliziwa mafuta kwa umeme, haina kabureta), haichanganywi oili. Inatoka majini Oktoba na itakaa kwenye trela hadi Aprili au Mei. Tangi la ndani ni galoni 40, kwa sasa liko nusu. Nimesikia njia tatu: nijaze na kutia dawa ya kutunza mafuta, nitoe yote libaki kavu, au niache nusu hiyo hiyo nitie dawa tu. Ipi?

MzeeWaMinnetonka
Hiyo ya tatu iondoe mezani. Petroli ya kawaida hapa ni E10, ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli inanyonya maji. Yakifika kama nusu asilimia, ethanoli inaachana na petroli na kuzama pamoja na maji hayo, na mrija wa kuvutia mafuta uko huko huko chini. Kwa tangi lako likiwa limejaa, nusu asilimia ni robo tatu ya lita tu! Zikishaachana, hakuna dawa ya kuzirudisha, na petroli iliyobaki juu imepungua okteni.

Mimi najaza. Dawa kwa kipimo cha chupa, kisha petroli hadi asilimia 95 hivi, maana inahitaji nafasi ya kutanuka. Na nunua isiyo na ethanoli. Sheria ya Minnesota inaruhusu kuuza premium (petroli ya daraja la juu) ya namna hiyo kwa boti, pikipiki, magari ya kale na mashine ndogo. Bei imechangamka, lakini bado ni nafuu kuliko fundi wa Mei.

Tangi_Kavu
Shikamoo Mzee. Mimi ni upande wa pili. Kisichokuwemo hakiozi. Ukijaza halafu maji yakapenya, una galoni 40 za mafuta mabovu, utazimwaga wapi?

MzeeWaMinnetonka
Marahaba. Mafuta mabovu yanapokelewa kwenye kituo cha taka hatari cha kaunti ya Hennepin, pale pale Brooklyn Park alipo mwenye mada, ila uliza kwanza wanapokea kiasi gani kwa mara moja. Lakini tangi lililojengewa ndani huwezi kulikausha kabisa, kuna mafuta yanabaki kwenye pembe. Unabaki na tangi lililojaa mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka. Wengine wanaegesha gereji yenye hita ya maji ya gesi! Tangi dogo la kubeba, sawa, limimine kwenye gari kama mafuta hayana oili.

FundiMashine_Tanga
Wakuu, huku hatuna barafu, ila kusi ikikaza boti zinapandishwa ufukweni zikae. Naona mnachanganya mambo mawili: kukausha tangi na kukausha mashine.

Mashine ya kabureta tunachomoa mpira wa mafuta, tunaiacha inguruma mpaka izime yenyewe, kisha tunafungua skrubu ya chini ya kabureta. Hata baada ya kuzima, kuna petroli inatoka pale. Ukiiacha, inakauka na kubaki utomvu kama asali iliyoganda, jeti, vile vitundu vya kupitishia mafuta, zinaziba. Kwa hiyo kabureta ikaushwe. EFI usiizimishe kwa kuinyima mafuta: pampu yake inapozwa na kulainishwa na petroli hiyo hiyo.

Tangi_Kavu
Hapo kwenye EFI nakubali. Kwenye tangi bado sijashawishika, hasa la zamani ambalo hujui lina nini chini.

MamaBoti_Duluth
Basi aangalie kilichomo kabla ya kubishana. Fungua filta ya kutenganisha maji, ile ya mikroni 10, uimimine kwenye chupa ya kioo iliyo safi. Iache itulie dakika chache. Maji yanajionyesha chini, mstari unauona wazi. Yakiwa mengi, Tangi_Kavu ameshinda: nyonya yote, uite mtu mwenye pampu ya kazi hiyo. Ikiwa safi, fuata Mzee.

Na watu wanalaumu jasho la tangi wakati maji yanaingilia kwenye kifuniko. Ukiona mpira wake umepasuka, badilisha, ni senti tu. Ila tundu la kupumulia usilizibe hata mtu akushauri vipi, mafuta yakitanuka yatapasua kitu.

Ukishatia dawa, funga filta mpya, weka vikombe vya maji (vya mpira, vinavyobana matundu ya injini ya kuvutia maji na kuunganishwa na bomba la maji ili ipoe), washa dakika 10 hadi 15. Dawa ikibaki tangini tu, mipira na nozeli zinalala na mafuta ya zamani.

Nahodha_BrooklynPark
Asanteni. Filta nimemimina, iko safi, kwa hiyo najaza. Dawa naitia nyumbani au kituoni?

MamaBoti_Duluth
Nyumbani, kabla hujaondoka. Petroli mpya ikiingia kwa kasi na trela ikitikisika njiani, itachanganyika yenyewe.