Kiwanja Nala kina mbuyu, kichuguu na vichaka, fundi anataka greda lipite. Nishaurini

MamaNala:
Mbukwenyi wana jukwaa. Nina kiwanja hapa Dodoma, upande wa Nala, barabara ya Singida, ndani kabisa kuelekea kwenye mawe. Hakijawahi kulimwa. Nyuma kuna mbuyu mkubwa wenye tundu pale matawi yanapoanzia, mbele yake kichuguu kinachonizidi kimo, na upande mmoja wote ni vichaka vya mkole na migunga vinavyofuata korongo dogo. Fundi anasema greda lipite siku moja, ling'oe kila kitu na kukwangua udongo hadi ubaki mwekundu mtupu, ndipo tupime msingi. Baadaye nipande nyasi na mistari ya miashoki kama majirani.

Roho inakataa. Asubuhi nikifika pale ndege wanapiga kelele ambazo mjini sizisikii kabisa, na jioni kuna kitu kinalia kama mtoto mchanga huko kwenye migunga. Lakini nina watoto wadogo, na jirani juzi aliua kifutu kwenye rundo lake la mawe. Naomba kujua: hasa kinaishi nini pale? Na je, naweza kujenga bila kufyeka chote na watoto wakawa salama?

MzeeWaMizinga:
Mbukwa, mwanangu. Mimi ni mfugaji nyuki, niko Chamwino, na mizinga yangu imetundikwa kwenye miti hiyo hiyo unayoitaja. Kwanza kabisa, greda lisije. Nyumba inahitaji mahali pa nyumba, pa karo na pa njia. Hapo fyekeni kwa panga na jembe. Kwingine pasiguswe mpaka mvua za msimu mmoja zipite uone mwenyewe kinachoota na kinachokuja.

Anayelia kama mtoto ni komba, sina shaka naye. Ni mnyama wa kukaa kiganjani, macho makubwa, anaruka kutoka mti hadi mti kama aliyerushwa. Anakula wadudu na utomvu wa mgunga. Kakague mashina asubuhi, utaona utomvu umeganda rangi ya asali na pembeni yake alama za meno alipokwangua. Mchana analala kwenye tundu la mti. Hana habari na watoto wako.

Sasa mbuyu, na hapa nitakaa kidogo. Kiangazi kizima unasimama bila jani, na wageni wanadhani umekufa. Kwangua gome kidogo sana kwa kucha, utakuta kijani chini yake. Kijani hicho kinaendelea kuupa mti chakula wakati majani hayapo. Mvua zikikaribia, kati ya Oktoba na Desemba, unatoa maua makubwa meupe yanayoning'inia kichwa chini. Yanafunguka jua likizama, na kesho yake yanaanza kunyauka na kuanguka. Wanaoyafuata usiku ni popo wanaokula matunda. Popo anatumbukiza uso ndani kunyonya maji matamu, anatoka kifua kimejaa chavua, anaruka hadi mbuyu mwingine. Huo mwendo ndio unaoleta mabuyu, maana mbuyu hauzai vizuri kwa chavua yake wenyewe. Kwa hiyo ukiuangusha wa kwako, hata mibuyu ya jirani itapungukiwa.

Na lile tundu. Msimu wa mvua litazame kwa mbali ukiwa umetulia. Ukiona mwanya mwembamba kama wa kupitisha kidole, umezibwa pande zote na kitu kigumu cha kahawia, hapo kuna hondohondo wa mdomo mwekundu ndani. Jike anaingia, anajiziba kwa kinyesi chake na mabaki ya chakula, anataga na kuatamia. Humo ndani manyoya yake ya kurukia yanapukutika, kwa hiyo hata akitaka kutoka hawezi kuruka mpaka yaote mengine. Dume ndiye anayemlisha yeye na makinda kupitia ule mwanya: panzi, mbegu, mjusi mdogo. Anakuja, anagonga, ncha ya mdomo wa jike inatokeza, anapokea. Mti ukiangushwa wakati huo, familia nzima inakufa ndani na dume anabaki akizunguka na panzi mdomoni. Nimeliona hilo kwenye shamba lililosafishwa karibu na mizinga yangu, na ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Kama si hondohondo, huenda ni cherero, kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi na kola ya manjano. Watu wa nchi za mbali wanawafuga kwenye vizimba, lakini asili yao ni Tanzania, hasa nyika zetu hizi za kati. Nao wanataka tundu. Miti michanga haina matundu, na miashoki haitakuwa nayo hata ukizeeka nayo.

Wakiingia nyuki, usiwachome moto. Tafuta mrina wa karibu, atatega mzinga mtupu uliopakwa nta pembeni kabisa ya kiwanja, kundi likija lihamie huko.

Kichuguu nacho usikifanye tofali. Ukiona vinyama vya kahawia vinatokeza vichwa asubuhi kuota jua, hao ni nguchiro wadogo. Kule nyika ya Taru, Kenya, watafiti waliona hondohondo na nguchiro wakitafuta chakula pamoja: nguchiro wanafukua, hondohondo wanadaka panzi wanaoruka, na ndege ndio wanaopiga kelele mwewe akitokea. Nguchiro wakichelewa kuamka, hondohondo wanakaa juu ya kichuguu kuwasubiri. Ukibomoa kichuguu, hata yule wa kwenye mbuyu umemwondolea mwenzake wa kazi.

FundiWaMsingi:
Mimi ni fundi, na sipendi tunavyosemwa kila mara kwamba tunapenda kukata. Mama, fundi wako ana hoja moja ya kweli. Mizizi ya mbuyu inatambaa mbali na haiendi chini sana, na mbao zake zimejaa maji, tawi likikatika ni zito sana. Usijenge chini ya kivuli chake, wala usichimbe msingi au shimo la choo karibu na shina. Sogeza nyumba mbele, karo iende upande wa pili. Kama kiwanja ni kile cha kawaida cha makazi, pima kwanza, huenda nafasi ikatosha vizuri tu.

Kukwangua udongo wa juu sikubaliani nako. Nimejenga sehemu ambazo zilikwanguliwa hivyo, na mvua ya kwanza ya Desemba ilipiga ikachimba mitaro hadi chini ya baraza. Na kabla ya kuukata mti wowote mkubwa, pita ofisi ya misitu ya halmashauri kwanza.

Mwalimu_Kondoa:
Niongeze kitu ambacho wengi hawakizingatii: miti ya huku haiishii pale unapoikata. Hapa kwetu vilima vya Irangi vilikuwa vimechakaa kwa makorongo, mchanga mtupu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Wafugaji waliumia sana na hilo lisifichwe. Lakini ardhi ilipoachwa, nyasi zilirudi na miti ya miombo ikachipua yenyewe, sehemu kubwa kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa bado hai chini. Leo ukipanda kwenda Kolo kuangalia michoro ya mapangoni, vile vilima vina miti.

Ndiyo maana siku hizi huku Dodoma wanahimiza kisiki hai: unachagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki, unapogoa mengine, unaweka alama, mti unakimbia kukua kwa sababu mizizi ipo tayari na inajua maji yaliko. Mche wa kununua unahitaji ndoo za maji kila wiki katika mji unaopata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, tena kwa miezi michache tu. Greda likipita, linang'oa hazina hiyo ya chini. Panga haliwezi.

Jingine la kuwafundisha watoto: mche wa mbuyu hauna majani ya vidole kama mti mkubwa, majani yake ni moja moja. Watu wanaupalilia kama gugu bila kuujua. Tembeeni chini ya mbuyu wenu baada ya mvua, huenda mkakuta mmoja.

KijanaWaItigi:
Salamu kutoka Itigi. Nyie mna vichaka kiwanjani, sisi tunavyo pande zote mbili za reli. Vichaka vya Itigi ni pori la peke yake: miti mifupi ya mita 3 hadi 5, imesongamana kiasi kwamba mtu mzima hapiti akiwa wima. Kiangazi majani yote yanapukutika, eneo lote linakuwa la kijivu, na mvua ikigonga linafunga kijani kwa muda mfupi. Pori la aina hii duniani liko hapa na kule Zambia, karibu na ziwa Mweru Wantipa na Sumbu, basi. Baadhi ya mimea yake ina jina la Burtt, mtaalamu wa mimea aliyetembea sana nchi hii na kufa kwa ajali ya ndege Singida mwaka 1938.

Ninachoumia ni kwamba watu wanaliita pori lisilo na kazi kwa sababu halina miti mirefu. Linachomwa mkaa na kulimwa, na kila nikienda limerudi nyuma. Mama, kichaka chako cha mkole kina kazi. Watoto watakula kole, ndege watakula kole, na mizizi yake inashika kingo za korongo.

MamaNala:
Nimesoma yote na mume wangu, tumesoma mara mbili. Nyumba tunaisogeza mbele kama FundiWaMsingi alivyosema, na greda haliji. Naomba mnimalizie suala la nyoka, maana mama mkwe hatalala bila jibu. Na ukuta je? Nataka tofali kuzunguka chote.

MzeeWaMizinga:
Mwambie mama shikamoo. Kifutu halali popote tu. Anafuata panya na mahali pa kujificha: mawe ya ujenzi, mabanzi, matofali yaliyobaki, mabati yaliyolazwa chini. Jirani alimkuta kwenye rundo la mawe, sivyo? Kwa hiyo eneo la kuzunguka nyumba liwe wazi, lifagiliwe, hatua kumi hivi kutoka ukutani. Mabaki ya ujenzi yaondoke siku ile ile kazi inapokwisha. Nafaka ikae kwenye pipa lenye mfuniko. Usiku watoto wavae viatu na wabebe tochi. Nguchiro wakibaki, nao wanasaidia, wanawaandama nyoka kwa kundi. Mtu akiumwa, asichanjwe kwa wembe wala kufungwa kamba, atulizwe na kukimbizwa hospitali.

Ukuta wa tofali hadi chini utamfungia kobe nje na nguchiro ndani. Acha tundu la ukubwa wa tofali moja chini kabisa, kila baada ya hatua tano au sita, na upande wa korongo yawe mengi zaidi, yawekewe nondo mbili ili mbwa wasipite. Mwambie fundi kwamba matundu hayo hayo ndiyo yatakayotoa maji Januari, bila hivyo maji yanajaa nyuma ya ukuta na kuuangusha.

FundiWaMsingi:
Hapo mzee amesema kweli. Nondo ya milimita 10 inatosha, na chini ya kila tundu mwaga zege kidogo ili maji yasichimbe.