Mkanda wa vichupa vya baruti: uliua waliouvaa, au tunausingizia?

Mleta mada:
Wakuu, kuna hoja inarudiwa kila siku kwamba ule mkanda wa vichupa waliovaa askari wa bunduki wa Ulaya miaka ya 1600 ulikuwa upuuzi, eti ulikuwa unawalipua wenyewe. Napinga, tena napinga kabisa.

Ule ni mkanda wa ngozi unaotoka begani mpaka kiunoni, unaning'inia vichupa vya mbao, mara nyingi kama 12 hivi, na kila kichupa kina baruti ya mlio mmoja tu. Askari anasukuma kifuniko juu, hakianguki maana kimepitishwa kwenye kamba ileile inayoshika kichupa, anamimina yote mdomoni mwa bunduki, anatia risasi kutoka kifukoni, anashindilia. Aliyeona gobore linavyojazwa ananielewa, shida yote iko kwenye kipimo, ukizidisha unajiumiza, ukipunguza risasi haifiki popote. Sasa mtu anatetemeka, moshi umetanda, wa nyuma yake anamsukuma, atapima saa ngapi? Kichupa kilishapimwa kambini.

Mchangiaji:
Mkuu umeeleza vizuri ila Roger Boyle, yule Earl (mkabaila) wa Orrery kule Ireland, alipigana kwelikweli na mwaka 1677 aliandika kwamba kichupa kimoja kikishika moto vya mkanda mzima vinafuata, aliyeuvaa anajeruhiwa au anakufa na walio jirani naye pia. Akasema usiku vinagongana adui anajua mnakuja, na mchana upepo ukivuma askari hasikii hata amri. Yeye alitaka beti, yaani kile kikasha cha risasi, baruti ikae ndani imefungwa kwenye karatasi. Shahidi aliyekuwepo tunamkataaje?

Mleta mada:
Simkatai, na ya kelele nakupa, mbao zikigongana zinalia. Lakini kwenye moto msome mpaka mwisho, maana mwenyewe anasema inatokea hasa pale bunduki ikiwa ya utambi, yaani inayolipuliwa kwa kamba inayowaka polepole! Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Askari ana kamba inayowaka vidoleni, mara nyingi ncha zote mbili zina moto, na baruti iko kifuani, halafu lawama apewe mkanda? Kwenye mapigano ya Edgehill kule Uingereza, Oktoba 1642, kuna askari alienda kuchukua baruti akaingiza mkono kwenye pipa huku utambi unawaka vidoleni, pipa likalipuka wakafa watu. Vichupa vilihusika wapi?

Na beti mnayoisifu ilienea sana mwishoni mwa karne ile, kipindi kilekile gumegume, bunduki inayowasha baruti kwa cheche za jiwe, inauondoa utambi mikononi mwa askari, kwa hiyo sifa za gumegume mnaipa karatasi. Mwenye mfano wa jeshi lililoacha mkanda likabaki na utambi na ajali zikapungua, auweke hapa tuujadili.