MJADALA: Je, demokrasia inatuchelewesha kuokoa mazingira?

Mleta mada

Wakuu, kuna hoja naisikia kila kukicha: kwamba demokrasia haiwezi kutuvusha kwenye janga la tabianchi, kinachotakiwa ni serikali ya mkono wa chuma isiyoogopa kura. Wanaoitetea wana mifano. Australia ilianza kutoza kampuni kubwa kwa hewa ukaa zinayotoa Julai 2012. Uchaguzi wa 2013 ukachukuliwa na walioahidi kuifuta tozo hiyo, na Julai 2014 ikafutwa kweli. Ufaransa nayo ilipotaka kuongeza kodi ya mafuta, mwishoni mwa 2018 watu wenye vizibao vya njano wakafunga barabara hadi serikali ikanywea. Kisha wanatuonyesha China, inayofunga sola nyingi kuliko nchi yoyote. (Hawasemi kwamba ndiyo pia inayochoma zaidi ya nusu ya makaa ya mawe ya dunia.)

Mimi naipinga. Mkono wa chuma una haraka, sawa, lakini haraka ya kwenda wapi? Kuanzia miaka ya 1960 Moscow, yaani serikali ya Umoja wa Kisovyeti, iliamua pamba ilimwe kwenye nyika kame za Asia ya Kati. Maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yakachepushwa kwenda mashambani, Bahari ya Aral ikakauka, na mji wa wavuvi wa Moynaq ukabaki na meli zilizolala mchangani. Nani angepinga, na apingie wapi?

Au chukueni Chernobyl, Ukraine, iliyokuwa chini ya Moscow hiyohiyo. Kinu cha nyuklia kililipuka usiku wa kuamkia Aprili 26, 1986. Siku mbili baadaye, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo, mfanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Forsmark, Uswidi, alipita kwenye mashine ya kupima mionzi, king'ora kikalia. Viatu vyake vilikuwa vimebeba chembe za mionzi kutoka nje. Jioni ile ndipo Moscow ikatoa taarifa ya sentensi chache, na Mei Mosi watoto wa Kyiv bado walitolewa barabarani kwa gwaride. Mazingira hayalindwi mahali ambapo mtu wa chini akisema "maji haya ni sumu" anapotezwa.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umechagua mifano inayokubeba. Umoja wa Kisovyeti ulishakufa. Ugonjwa wa demokrasia ni kalenda: mwanasiasa ana miaka minne au mitano, hewa ukaa inakaa angani karne na karne. Anayeumizwa na tozo anapiga kura leo, atakayenufaika hajazaliwa. Wales ilitunga sheria ya vizazi vijavyo mwaka 2015 na kuwawekea kamishna wao. Vizuri, ila kamishna anashauri tu, hana turufu ya kumzuia waziri. Na Marekani, inayoongoza kwa hewa ukaa iliyorundikana angani tangu viwanda vianze, imekuwa ikipiga kura muda wote huo.

Mchangiaji wa pili

Mnaongea kana kwamba kura ni ya kuchagua viongozi tu. Ecuador, Agosti 2023, wananchi waliulizwa kama mafuta ya kitalu namba 43 ndani ya hifadhi ya Yasuní yaachwe ardhini. Karibu asilimia 59 wakasema yaachwe. Serikali ilipewa mwaka mmoja kusitisha uchimbaji, mwaka ukaisha na mafuta bado yanatoka. Hapo demokrasia ilizidi au ilipungua?

Mleta mada

Mchangiaji wa pili, ilipungua, wala sina cha kuongeza.

Mkuu wa kwanza, la kalenda ni zito, silipuuzi. Lakini Uholanzi taasisi ya mazingira ya Urgenda pamoja na raia wapatao 900 waliishtaki serikali yao wenyewe. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba lazima hewa chafu ipungue kwa angalau asilimia 25 kufikia mwisho wa 2020, ukilinganisha na 1990. Mwezi huohuo kituo cha makaa ya mawe cha Hemweg kikafungwa, miaka kadhaa kabla ya muda wake. Haki ya kuishtaki serikali na kuishinda nayo ni demokrasia, na haingoji uchaguzi.

Halafu hili la wapiga kura kutotaka kuumia. Uswisi, Juni 2021, sheria iliyopandisha gharama za mafuta ya gari na tiketi za ndege ilikataliwa kwa asilimia 51.6. Juni 2023 ikaletwa nyingine, safari hii fedha za umma zikiwasaidia watu kubadilisha mifumo ya kupasha nyumba joto, ikapita kwa asilimia 59.1. Miaka miwili tu, nchi ileile. Walichokikataa mwanzoni ni bili, na hata Ufaransa aliyebebeshwa bili ni yule anayeishi mbali na mji, asiye na treni wala basi la kumfikisha kazini. Kwa hiyo anayesema wananchi hawataki mazingira aniambie kwanza waliulizwa swali gani, na nani alipangiwa kulipa.