Nimevunjika mtulinga (mfupa wa kutoka juu ya kifua hadi begani) kwa baiskeli kule Pugu, wiki ya nne sasa. Naombeni ushauri

Pedali_Kimara
Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 36, naishi Kimara, nauza vifaa vya umeme Kariakoo. Jumapili huwa napanda baiskeli ya milimani na wenzangu. Tunatoka alfajiri magari yakiwa machache, tunapita Gongo la Mboto hadi Pugu, kisha tunaingia njia za msituni upande wa Kisarawe. Wiki nne zilizopita nilikuwa nashuka, usiku mvua ilikuwa imenyesha, mizizi imelowa. Nikakamata breki ya mbele kwa nguvu, tairi likagoma, nikapita juu ya usukani na kutua na bega la kushoto. Nilisikia mfupa ukilia.

Picha ilionyesha mtulinga umevunjika katikati. Daktari akasema vipande havijaachana sana, sihitaji kupasuliwa. Nikafungwa mkono shingoni, nirudi wiki ya sita.

Sasa juu ya mfupa kumeota kinundu kigumu, na usiku silali. Mama mkwe ameshazungumza na mzee mmoja wa Mkuranga anayekanda mifupa, anataka nipelekwe Jumamosi, na mke wangu amebaki katikati. Halafu kuna hili ambalo nyumbani sijamwambia mtu: nikifumba macho nauona ule mzizi. Sijui kama nitapanda tena, na baiskeli ndiyo iliyokuwa inanipumzisha kichwa.

Nawasilisha.

Chuma_Mboga
Pole sana mkuu. Ila kukanda usikudharau. Mjomba wangu alivunjika mguu, akakandwa, leo analima.

Nesi_wa_Zamu
Kaka, tafadhali usiende kukandwa. Nasema haya kwa sababu nimewapokea waliotoka huko.

Hicho kinundu ni mfupa mpya. Mwili hujenga kigimba kuzunguka palipovunjika, na wiki ya nne bado hakijakomaa. Mtu akikibinya na kukivuta, anaachanisha kilichoanza kushikana. Tena chini ya mtulinga unapita mshipa mkubwa wa damu pamoja na neva za mkono mzima, si mahali pa kujaribia vidole. Kwa mtu mzima mfupa huu huchukua kama wiki 6 hadi 12 kushika vizuri. Kinundu kitapungua taratibu, kingine hubaki kidogo maisha yote bila madhara.

Vidole vikifa ganzi, mkono ukiwa wa baridi, ngozi juu ya mfupa ikivutika hadi kuwa nyeupe, au ukapumua kwa shida, usingoje wiki ya sita. Nenda siku hiyo hiyo. Na kama unavuta sigara, acha, inachelewesha mfupa kuunga.

@Chuma_Mboga namshukuru Mungu kwa mjomba wako. Wapo ambao mguu ulipona umepinda.

Bega_la_Chuma
Mimi nilivunjika huo huo, wa kulia. Usiku usilale chali kabisa. Panga mito mitatu ulale nusu umekaa, na chini ya kiwiko weka taulo lililokunjwa ili mkono usidondoke nyuma. Usingizi wangu ulirudi hivyo.

Kwenye daladala tafuta siti ya dirishani upande wa kushoto, bega bovu lielekee dirishani, abiria wakuegemee upande mzima. Mwendokasi ya jioni ya kusimama achana nayo kwa sasa.

Kiwiko na vidole vinyooshe kila siku. Bega lenyewe muulize daktari lini uanze, maana ukilifunga muda mrefu linaganda, na kuligandua ni maumivu kuliko kuvunjika.

Mama_Twaha
Mdogo wangu, usigombane na mkweo. Siku ya kliniki nenda naye, muombe daktari amwonyeshe picha. Mama akiuona mfupa kwa macho yake atatulia. Na mwombe akupikie dagaa wa kutosha, ahangaike kwa jambo litakalokusaidia.

Mteremko_Pugu
Kuhusu woga, usiufiche kwa mkeo. Mimi baada ya kuanguka nilikaa miezi mitano. Nilipopona nilianza Jumapili asubuhi na lami tambarare ya pale Coco Beach, wiki kadhaa. Kisha nikarudi Pugu, ule mteremko nikaushuka kwa miguu huku nakokota baiskeli, nikausoma mzizi kwa mzizi. Mara ya tatu ndipo nilipopanda.

Mzizi uliolowa punguza mwendo kabla hujaufikia, ukiwa juu yake achia breki, makalio yawe nyuma, uukate moja kwa moja. Na ile helmeti uliyoanguka nayo usiivae tena, hata kama haionyeshi ufa. Mpe fundi akague usukani na uma wa mbele.

Pedali_Kimara
Wakuu, asanteni mno. Nimezungumza na mke wangu usiku wa jana, nikamweleza na habari ya mzizi. Mama mkwe amekubali kuahirisha Mkuranga na tutaenda naye kliniki. Jana nimelala saa tano mfululizo kwa ile mito mitatu.

@Nesi_wa_Zamu kidole cha mwisho huwa kinachoma kidogo asubuhi, kisha kinaacha. Hicho nacho niwahi?

Nesi_wa_Zamu
Wahi kaka. Kesho.