504 ya zamani inagoma kuwaka ikiwa ya moto: ni esansi ama ni bobini?

Kijana wa Katuba

Wazee wa garaji, naomba msaada. Niko na Peugeot 504 ya 1978, ile ya karbirateri, moteri ya cc 1796. Baba mdogo aliniachia. Asubuhi haina neno: nagusa ufunguo tu, imeshika. Shida ni nikitoka nayo Katuba hadi mjini Lubumbashi nikaizima kidogo ninunue vitu. Nikirudi, demareri (starta) inazungusha kwa nguvu zote lakini moteri haishiki. Nikiiacha ipoe karibu nusu saa, inawaka kama hakuna kilichotokea.

Garaji ya kwanza walisema ni pampu ya esansi (petroli), nikaweka mpya. Ya pili walifungua karbirateri, wakaosha, wakarudisha. Jirani yangu naye amebana vibanio vya kuanikia nguo kwenye mrija wa esansi, ati vinanyonya joto. Sasa watoto wa avenyu wananiuliza kama gari nimeifua. Bobini, ile inayokuza umeme wa cheche, ni mpya, kwa hiyo hiyo msinitajie. Nianzie wapi kabla mfuko haujatoboka?

Yaya Ruashi

Mdogo wangu, huu ni mwezi wa kumi, unategemea nini? Esansi inachemkia njiani. Ukizima moteri, feni inasimama, maji hayazunguki, na joto lote la kile chuma linapanda kwenye karbirateri na pampu. Tena Lubumbashi tuko mita kama 1,200 juu ya bahari, huku esansi inachemka mapema kuliko Matadi. Kwenye 404 yangu niliweka kipande kinene cha bakelite (plastiki ngumu inayozuia joto) chini ya karbirateri, nikaachana na hayo mambo. Weka na wewe.

Fundi wa Kamalondo

Yaya hajakosea, joto linafanya hivyo. Lakini huyu kijana ameshanunua pampu kwa kubahatisha, asinunue na bakelite kwa kubahatisha.

Kijana, gari ikigoma usingoje ipoe. Saa hiyo ndiyo ugonjwa uko wazi. Ukiniletea imepoa, hata mimi sitaona kitu, nitakubadilishia vipande kama wenzangu. Kwanza sikiliza demareri. Ingekuwa inavuta kwa unyonge, ama inalia "ta!" mara moja na kunyamaza, ningekutuma kwenye nyaya nene za batri na ule wa masi (ethi) unaoshika bodi. Wewe unasema inazungusha kwa nguvu, basi huko tumemaliza. Inabaki esansi na moto wa bujii (plagi).

Esansi: toa kifuniko cha filta ya hewa, chungulia mdomo wa karbirateri, kisha vuta aksereta kwa mkono, kontakti (swichi ya ufunguo) ikiwa imezimwa. Kuna kamrija kadogo mle ndani. Kakitema uzi wa esansi, bakuli halijakauka. Halafu fungua bujii moja. Ikiwa imelowa chapachapa, esansi imezidi: kanyaga aksereta hadi chini, iache hapo hapo, usipigepige, zungusha. Ikiwa kavu na ule uzi haukutoka, yaya ameshinda: funika pampu kwa kitambaa cha maji baridi uone.

Moto: rudisha kwanza kifuniko cha filta, mvuke wa esansi na cheche si marafiki. Chukua bujii ya akiba, ichomeke kwenye waya mmoja, ilaze chuma kwa chuma na moteri, ishike kwa koleo lenye mpira, mtu azungushe. Cheche nzuri ni ya bluu na inasikika. Ikiwa ya njano na nyembamba, ama hakuna kitu, achana na habari za esansi.

Na hiyo "bobini ni mpya" ndiyo inayonikera. Mpya ya aina gani? Za volti 12 ziko za aina mbili, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Moja ina ohm kama 3, inajitegemea. Nyingine ina kama 1.5, na inataka rezistansi (kipande cha kupunguza umeme) ya nje kwenye waya wake wa +. Ukiifunga hiyo ya pili bila rezistansi, inavuta ampea 8 pahali pa 4. Asubuhi itakupa moto mkali, utamsifu aliyekuuzia. Halafu inajipika taratibu. Ikishapoa, toa nyaya zake ndogo mbili, upime kati ya + na −.

Dereva wa Likasi

Msisahau kondansateri, ile ndogo ya ubavuni mwa delko (kigawa moto cha bujii). Nayo inakufa kwa joto na kufufuka ikipoa. Mimi kwenye barabara ya Likasi sitembei bila moja ya akiba.

Kijana wa Katuba

Imegoma leo pale soko ya Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, na safari hii nilikuwa na vyombo. Uzi wa esansi ulitoka vizuri, tena ukanirukia shati. Bujii inanuka kidogo lakini haijalowa. Cheche ni ya njano, mara inakuja, mara haiji. Bobini haishikiki kwa mkono! Nikaizungushia kitambaa kilicholowa, nikilinda delko isipate maji, na haikuchukua muda ikawaka.

Kijana wa kutengeneza simu alinipimia ilipopoa: 1.6. Ile ya zamani baba mdogo alikuwa ameitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, hiyo inasoma 3.1. Waya nimeufuata hadi kwenye kontakti, na volti za batri zinafika zote. Rezistansi sijaiona popote.

Fundi wa Kamalondo

Basi tumeshamwona mwizi. Rudisha ile ya zamani kama haivuji mafuta kwenye shingo. Vibanio mrudishie mwenyewe, ana nguo za kuanika.

Ila usikimbilie kufunga delko. Ampea 8 zimepita kwenye platine, zile chuma mbili za ndani ya delko zinazogusana na kuachana, muda wote huo. Zitazame kwenye mwanga: ukikuta upande mmoja umeota kichuguu na mwingine una shimo, usipige msasa, weka mpya pamoja na kondansateri ya mwenzetu wa Likasi. Nafasi iwe karibu milimita 0.4, na ukimaliza upime avansi (wakati wa cheche kupiga) upya, maana nafasi ya platine ikibadilika nayo inahama.

Jambo lingine. Wewe ni kijana, najua redio haikosi. Moteri ikiwa imezimwa, usiache kontakti imewashwa ukisikiliza mpira. Platine zikisimama zimegusana, hata bobini ya ohm 3 itapikwa.

Yaya Ruashi

Na mimi naenda kupima ya 404. Ile bakelite iliniponya nusu tu, sikutaka kusema.