Mnamtoa mtoto nje, halafu mnashangaa kesho anarudia?

Wakuu, leo naomba niseme, maana nikinyamaza nitapasuka.

Hivi nani aliwaaminisha walimu kwamba dawa ya kila mtoto msumbufu ni "toka nje"? Shuleni kwetu ndio wimbo. Kamchokoza mwenzake, toka nje. Kapiga soga, toka nje. Ukipita koridoni unawakuta wamejipanga ukutani, sura zilezile za juzi, na wala hazijanuna. Zinacheka!

Mimi nina mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu. Kipindi cha hesabu katulia kama maji ya mtungini. Subiri kusoma kwa sauti. Wenzake wanasoma kwa zamu, dawati hadi dawati, naye macho yako kwenye vichwa tu, anahesabu. Wakibaki wawili kabla yake, dawati limepigwa teke, rula iko chini, wa mbele kafinywa analia. Mwalimu aliyekuwa naye mwaka jana alikuwa akimtoa palepale. Kumbe mtoto hajui kusoma, na shule imemsaidia kuficha mwaka mzima! Anachotaka ni zamu impite, na inampita kweli. Mwanasaikolojia Skinner alishalieleza hili tangu 1938: tendo lenye malipo hurudiwa. Sisi tunalipa, tena kwa hiari, kisha kwenye ripoti tunaandika "haambiliki".

Yule anayetaka kutazamwa naye, ukimfokea mbele ya darasa zima umemlipa vilevile. Macho yote kwake, alichokuwa anakitafuta amepata.

Msinigeuzie maneno. Anayerusha kiti atolewe, usalama wa wenzake kwanza. Nazungumzia hawa wa kila siku.

Nikalipeleka kikaoni. Jibu la mkuu: "Mwalimu, wewe darasa limekushinda." Basi, ajenda inayofuata! Wakati Kounin, mtafiti wa nidhamu ya darasani, alishatoa matokeo yake mwaka 1970 baada ya kutazama walimu wakiwa kazini: wenye madarasa matulivu hawakuwazidi wengine kwa kukemea. Waliwazidi kwa yanayofanyika kabla vurugu haijaanza. Jicho liko kila kona na watoto wanajua hivyo, somo halisimamisimami, na anayesubiri zamu hakai bure. Lakini nani ahangaike na hayo, kunyooshea mlango kidole si rahisi zaidi?

Halafu anaitwa mzazi, anamgombeza mtoto mbele yetu, tunaagana. Hakuna hata mmoja aliyemwekea mtoto ukurasa mbele akamwambia hebu soma hapa.

Ninachodai si kikubwa. Kabla hujamtoa, andika: kipindi gani, kazi gani, kakaa na nani, na alipata nini baada ya fujo. Wiki moja tu utaona mwenyewe. Na ofisi inipe dakika 20 kwa siku nimfundishe huyu silabi, badala ya kunidai orodha ya watukutu kila Ijumaa. Ya wiki hii sipeleki, waniite tu.