Binti yangu wa miaka miwili hufunga mdomo kila ninapomletea chakula, naomba mawazo

Mama wa Pasua, Moshi

Habari za wakati huu, wazazi wenzangu. Naandika nikiwa nimechoka, na ninachohitaji ni mawazo ya watu waliolea. Binti yangu ana miaka miwili na miezi mitatu. Hadi alipotimiza mwaka mmoja na nusu alikuwa anakula kila nilichompa: mtori, viazi vilivyopondwa, uji wa ulezi, hata mnafu uliotiwa karanga za kusaga. Baada ya hapo akaanza kukataa kimoja baada ya kingine, na leo anachokubali ni wali mweupe usiotiwa mchuzi, ndizi mbivu, biskuti na maziwa, basi.

Jana mchana nilimpikia machalari ya ndizi mshare na nyama iliyoiva mpaka inachambuka. Aliitazama sahani, akaisukuma kwa kiganja, kisha akageuzia uso wake ukutani. Nilipofanikiwa kumtia tonge moja mdomoni, alilihifadhi shavuni kwa takribani nusu saa bila kutafuna wala kumeza, mpaka nikalitoa mwenyewe kwa kidole. Nilikwenda kulia jikoni ili asinione.

Dada anayenisaidia kazi za nyumbani naye amekata tamaa. Juma lililopita nilirudi kutoka kazini nikamkuta amemlaza mtoto mapajani, amembana mikono, anammiminia uji kwa kiganja huku mtoto akipaliwa na kulia. Sikumgombeza, kwa kuwa najua alikuwa anajaribu kunisaidia na mimi mwenyewe nimewahi kumlisha kwa nguvu, lakini tangu siku hiyo mtoto akikiona tu kikombe cha uji hukimbilia chumbani.

Kliniki mwezi huu amepimwa akawa na kilo 10.6, miezi sita iliyopita alikuwa na kilo 9.8. Anacheza vizuri, na hana homa wala kuharisha. Maziwa ya ng'ombe humpa kikombe kikubwa asubuhi, kingine saa nne, kingine saa kumi na cha mwisho usiku, maana naona bora ashibe maziwa kuliko kulala njaa. Jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni kwamba mama mkwe wangu anaamini kimeo cha mtoto kimerefuka, na anataka tumpeleke kwa mtu anayekikata. Sipendi kumvunjia heshima, lakini sina amani na jambo hilo. Nifanye nini?

Muuguzi wa watoto, Moshi

Pole sana, mama. Nimefanya kazi kliniki ya watoto kwa miaka mingi, na nakuomba nianze na hilo la mwisho kwa sababu haliwezi kusubiri: usikubali mtoto wako akatwe kimeo. Kimeo hakizuii mtoto kula. Kukikata kwa wembe au kisu nje ya hospitali kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi, maambukizi na hata pepopunda, na tukiwapokea mara nyingi tunakuta hali imeshakuwa mbaya. Ni sawa na lile la kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki, ambayo kwa hakika ni meno ya kawaida ya mtoto ambayo bado hayajachomoza. Mwambie mama mkwe wako kwa heshima kwamba mtaanza kwa kumwonyesha mtoto kwa daktari, na ikiwezekana nenda naye, ili asikie kwa masikio yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kula. Mtoto anayezaliwa na kilo 3 hufikisha kama kilo 9 anapotimiza mwaka, yaani uzito wake huzidishwa mara tatu kwa miezi kumi na miwili tu. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili hadi tatu hivi, na baada ya hapo mwendo hubaki wa polepole. Mwili unaokua taratibu hauhitaji chakula kingi kama ule wa mtoto mchanga, kwa hiyo hamu ya kula hupungua, na mama anayelinganisha sahani ya leo na ile ya mwaka jana lazima ashtuke. Papo hapo, katika umri huu watoto wengi huanza kuviogopa vyakula wasivyovizoea, na hata vile walivyovizoea vikibadilika kidogo tu. Binti yako ameongeza gramu 800 kwa miezi sita. Itazame kadi yake: kama mstari wa uzito unapanda sambamba na ile iliyochapishwa, hakuna dalili kwamba anadhoofika.

Nililolisoma na kushtuka ni hayo maziwa. Vikombe vinne vikubwa huenda ni lita moja au zaidi kwa siku. Mtoto wa umri wake anatosheka na takribani nusu lita. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma machache mno, na yakijaza tumbo mtoto hafiki mezani na njaa. Akikaa hivyo miezi mingi damu hupungua, na upungufu wa damu wenyewe huondoa hamu ya kula. Ndivyo mtoto anavyozunguka katika duara ambalo mama halioni, kwa sababu kila anapokataa chakula anaongezewa maziwa. Punguza kikombe cha saa nne kwanza, kisha cha saa kumi, na hivyo viwili vitakavyobaki umpe baada ya chakula. Kama huwa unampa chai, iache kabisa wakati wa mlo, kwa kuwa chai huzuia mwili kufyonza chuma. Badala yake mpe kipande cha chungwa, papai au embe pamoja na chakula, kwani matunda hayo husaidia chuma kufyonzwa.

Kuhusu kumlisha kwa nguvu, najua linatoka katika upendo. Hata hivyo uji unaomiminwa kwa mtoto anayelia unaweza kuingia katika njia ya hewa, na hata usipoingia, mtoto hujifunza kwamba mahali pa kula ni mahali pa kubanwa. Yuko mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliyeligawa jukumu hili kwa namna ambayo nimeona ikiwasaidia wazazi: mzazi huamua chakula gani, saa ngapi na mahali gani, mtoto huamua kama atakula na atakula kiasi gani. Weka milo mitatu na vitafunwa viwili kwa saa zinazojulikana, na katikati ya hapo mpe maji tu. Mlo usizidi nusu saa. Ukiisha, ondoa sahani bila maneno, na usimpikie chakula kingine, lakini hakikisha katika kila mlo kuna kitu kimoja anachokikubali, kama huo wali, ili asiamke mezani akiwa hajala kabisa. Chakula kipya kiweke kijiko kimoja tu pembeni, na ukirudie. Huenda ukakileta mara kumi au hata kumi na tano kabla hajakionja, nasi wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu.

Mwisho, uangalie kama alipata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A katika ile kampeni ya kila miezi sita. Kama alikosa, mpeleke kliniki, na uombe apimwe wingi wa damu siku hiyo hiyo.

Baba wa Mapacha, Sakina, Arusha

Ndugu yangu, nakuandikia kama mzazi aliyepita njia hiyo na wawili kwa wakati mmoja. Kwetu tatizo lilikuwa simu. Tulianza kuwawekea katuni ili wafungue mdomo bila kujua, na kwa miezi kadhaa tuliona tumeshinda, mpaka siku ambayo chaji iliisha katikati ya chakula cha jioni na wote wawili wakakataa hata kijiko kimoja. Hapo ndipo mimi na mke wangu tulipotambua kwamba watoto hawakuwa wanakula, walikuwa wanalishwa wakiwa hawapo. Tuliizima simu wakati wa kula kwa watu wote, pamoja na mimi. Siku nne za kwanza zilikuwa ngumu sana, kilio hakikukoma, na kuna jioni walikula ndizi nusu tu. Juma la pili lilipokuwa linakwisha, mmoja aliingiza mkono kwenye bakuli langu la loshoro, akalamba vidole, akarudia.

Nikuongezee jambo moja ambalo watu hulipita. Utaratibu wowote utakaoupanga hautasimama kama dada wa kazi, bibi na jirani hawaujui. Sisi tuliandika saa za kula kwenye karatasi na kuibandika jikoni, tukakaa na dada na kumweleza sababu, tena tukamwambia wazi kwamba watoto wakibakiza chakula hatutamlaumu. Nadhani dada wengi hulisha kwa nguvu kwa kuogopa kuulizwa jioni, "Mbona mtoto hajala?" Vilevile nilikwenda duka la Mangi, mtaani kwetu, nikamwomba asiwape watoto wangu biskuti wala pipi kila wanapotumwa na dada. Alicheka kidogo, lakini amelishika neno lake mpaka leo.

Mama wa Njiro, Arusha

Naomba tusisahau kwamba wapo watoto ambao kukataa kwao kuna sababu ya mwilini. Wa kwangu aliitwa mkaidi kwa miezi mitano. Alikuwa anakula udongo wa nyuma ya nyumba na kukataa nyama, na kila mtu alisema ni utundu. Tulipompima, damu ilikuwa imeshuka sana. Baada ya kutumia dawa ya chuma kwa majuma machache, mwenyewe alianza kuomba chakula. Dada, mwangalie pia mdomoni kama ana vidonda au jino linalouma, uulizie choo chake kama ni kigumu, na akionekana kupungua uzito, kutapika mara kwa mara au kupaliwa kila anapokula, usisubiri ushauri wetu, nenda hospitali.

Bibi wa Kibosho

Mwanangu, nimelea sita na sasa nalea wajukuu. Nataka nikuulize: huyo mtoto anakula na nani? Zamani hapa kwetu sinia lilikuwa moja, watoto walilizunguka, na mdogo alikula kwa sababu alimwona mkubwa anakula na aliogopa kumaliziwa. Siku hizi mtoto anakalishwa peke yake kwenye kiti kirefu, na watu wazima wawili wanamtazama mdomoni. Hata mimi nisingekula.

Kula naye. Chakula chako na chake kitoke chungu kimoja, na umwache ajipakue kwa mkono wake hata akichafua nguo. Umpe na kazi. Mjukuu wangu wa umri huo nilimpa majani ya mnafu ayachambue. Alichukua muda mrefu kwa majani matano tu, na mengine aliyachana vipande vipande, lakini yalipoiva aliyatafuta chunguni, akasema haya ni yangu, akayala. Mtori naye usimpondee uwe laini kama uji sasa, kwa kuwa ana meno. Mwachie vipande vya ndizi avishike. Karanga ndizo usimpe nzima, zitamkaba, zisage. Na huyo mama mkwe wako usimwogope, mwanangu, ana uchungu na mjukuu wake kama ulivyo nao wewe. Mkaribishe aje ale pamoja na mtoto.

Mama wa Pasua, Moshi

Nimerudi baada ya majuma matatu, na nawashukuru ninyi nyote, hasa wewe bibi. Maneno yako nimeyasoma mara nyingi. Shikamoo.

Nilimpeleka kliniki nikiongozana na mama mkwe. Daktari alimtazama mtoto kooni, akamwonyesha bibi yake kwamba kimeo ni cha kawaida, na bibi akauliza maswali yake yote bila kukatizwa. Damu ilikuwa chini kidogo, tumepewa dawa ya chuma na ya minyoo. Neno la kukata kimeo halijatajwa tena nyumbani.

Maziwa nimeyafikisha vikombe viwili, na usiku wa kwanza nusura nishindwe kwa jinsi alivyolia. Dada tumezungumza naye. Alilia aliponisikia nikisema hatalaumiwa tena, na hapo nikafahamu ni mzigo gani nilikuwa nimembebesha. Sasa jioni tunakaa mkekani sote, na chakula tunakipakua kwenye sinia moja.

Hali bado si nzuri kila siku. Jumanne alikula wali peke yake, Jumatano hakula karibu chochote, na mchicha hadi sasa anautupa chini. Lakini perege niliyemnunua soko la Mbuyuni, nikamchambua miba na kumchanganya na viazi, amemla mara mbili. Na kikombe cha uji, ambacho alikuwa anakikimbia, nimekuwa nakiweka tu karibu yake kila asubuhi bila kumwambia lolote. Jana alikivuta kwake, akachovya kidole, akamnyonyesha mwanasesere wake kidole hicho, kisha akachovya tena na kukitia mdomoni mwake. Bibi alitaka kupiga kigelegele. Nilimshika mkono, tukaendelea kula kana kwamba hatukuona.

Nina swali moja lililobaki, muuguzi: dawa ya chuma imefanya choo chake kuwa cheusi. Je, ni kawaida?

Muuguzi wa watoto, Moshi

Ndiyo, mama, dawa ya chuma hufanya choo kuwa cheusi, na kikiwa hivyo bila mtoto kuumwa tumbo wala kutapika usiwe na hofu. Ukiona damu nyekundu, au choo kikawa cheusi, chenye kunata kama lami na harufu kali, mrudishe mara moja. Umpe dawa hiyo pamoja na maji ya chungwa, usiichanganye na maziwa, na uhakikishe chupa inakaa mahali asipoweza kuifikia, kwa kuwa dawa hiyo ikinywewa nyingi kwa wakati mmoja ni sumu kwa mtoto. Mlete apimwe damu tena kwa tarehe uliyoandikiwa, na umsalimie bibi.